Kupaua upya na kupiga lipu nyumba ya mawe Mikindani: uzoefu wangu

Nyumba iko Mikindani, pwani ya Mtwara. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, mita 9 kwa 7, jirani kabisa na maji. Bati la zamani lilikuwa bado zima katikati. Lililooza ni matundu ya misumari na ncha za chini, kwenye upenu. Hilo ndilo lililoniongoza kazi nzima: hapa kwetu bati huliwa na chumvi inayotua mahali ambapo mvua haifiki kuisuuza.

Nilichukua aluzinki (bati la chuma lililopakwa aluminiamu na zinki) ya unene wa milimita 0.4. Usinunue kwa kutajiwa geji, yaani namba ya unene: ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Muuzaji wa kwanza aliniambia geji 28, nikapima kwa maikrometa nikakuta unene wa geji 30. Paa ni la migongo miwili, mteremko wa nyuzi 20, kwa hiyo kila upande ulihitaji bati la mita 4.4 kutoka kileleni hadi upenuni. Niliagiza yakatwe urefu huohuo kiwandani, ili pasiwe na kiungo katikati ya mteremko, maana maji ya chumvi hujificha kwenye kiungo. Bati moja, baada ya kupishana, linafunika sentimita 76, hivyo yalikwenda 13 kila upande, 26 kwa jumla.

Boriti za mikoko zilizokuwa nzima tuliziacha. Kenchi mpya (fremu zinazobeba paa) ni za mbao zenye dawa ya mchwa, na papi 6 kila upande (mbao za kulaza juu ya kenchi, bati hupigiliwa hapo), kati ya moja na nyingine sentimita 85 hivi. Dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba ikigusa aluzinki hulila. Mbao zikauke kwanza, kisha utandike ukanda wa nailoni nzito juu ya kila papi kabla ya bati kulala.

Kuta za zamani hazina mkanda wa zege juu, na wala sikuumwaga, kwa kuhofia uzito wake ungepasua mawe. Kila kenchi ilifungwa kwa utepe wa chuma ulioshuka sentimita 60 ukutani na kuzungushwa chini ya jiwe kubwa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Kenneth cha 2019 kilipita karibu nasi kikaangukia Msumbiji. Upepo wa namna hiyo huingia upenuni na kulinyanyua paa kutoka chini, kwa hiyo utepe huo usiuonee uchoyo.

Katika kupanga bati, mafundi wengi huangalia kusi, upepo wa kusini, kwa kuwa ndio mkali. Lakini mvua zetu, Desemba hadi Aprili, nyingi huja na kaskazi, upepo wa kaskazini. Anzeni upande wa kusini mkielekea kaskazini, ili mdomo wa kila kiungo uupe mgongo upepo wa mvua.

Misumari niliikataa kabisa. Nilitumia skrubu za inchi 2½ zenye mpira, juu ya tuta la bati wala si bondeni: 6 kwa kila bati kwenye papi ya chini na ya juu, 4 kwenye za kati. Pamoja na za kofia (bati la kufunika kilele) zilitumika 830 hivi, nilinunua 900. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo tu. Ukitokeza pembeni umeshapasuka, na kutu itaanzia hapo. Kukata ni kwa mkasi wa bati. Grainda huunguza rangi na kinga ya bati, na cheche zake zikilala juu ya paa huacha madoa ya kutu. Fagia paa jioni ileile.

Kwenye kuta, kazi kubwa ilikuwa kubandua lipu ya saruji iliyopigwa miaka ya karibuni. Saruji inaziba. Unyevu unaopanda kutoka chini hukosa njia, chumvi yake huganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka idondoke mabamba mabamba, tena na uso wa jiwe. Tulirudi kwenye chokaa: moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mtoni, wa ufukweni hata ukioshwa sikuuamini. Chokaa ililowekwa kwenye mapipa wiki tatu. Kwa mita za mraba 87, unene wa sentimita 2, iliingia mifuko 17 ya kilo 25 na mchanga mita za ujazo 2.5, kwa sababu ukuta wa mawe una mashimo mengi.

Lowesha ukuta, piga koti la kwanza, likwaruze, subiri wiki moja, kisha la pili. Funika kwa magunia mabichi siku nne. Chokaa ikikauka kwa jua la Agosti hupasuka kama tope. Matone yakiangukia bati, futa kwa maji papo hapo, kwani chokaa mbichi hula aluzinki kuliko chumvi. Mwisho, chokaa nyepesi ya kupaka, mikono minne. Chini ya ukuta tuliacha ukanda wa kokoto wa sentimita 30, bila sakafu ya saruji, ardhi ipumue.

Sasa, kila mwezi wa kiangazi, upenu wote unamwagiwa maji baridi ya bomba kwa chini, pale mvua isipofika.