Ile Kanzu ya Tundu

Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni, sare za shule zikiwa lundo kitandani. Nikapanda kiti, nikaishusha pasi ya mkaa juu ya kabati. Jani la mgomba, la kusafishia kitako cha pasi, nililiomba kwa jirani. Nilipolipitishia pasi tu, ile harufu ikatanda uani, nusu majani mabichi, nusu uji ulioungua, na binti yangu akatokea mlangoni na swali lake: "Mama, mbona ukipiga pasi unaimba, na ukiosha vyombo unavibamiza?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika Pangani, kwa Bibi, usiku wa kuamkia Idd.

Kanzu ilikuwa ya Babu, ya bafta, ile pamba nyeupe nyembamba, ya kuendea msikitini siku kubwa. Wanga tulishautia mchana. Bibi alitumia wanga wa muhogo, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, na katika hilo hakuwa na mzaha: kwanza unaukoroga kwa maji baridi nusu kikombe mpaka ulainike, ndipo unamimina maji yanayochemka huku mwiko haupumziki, hadi ule weupe wa maziwa ugeuke kama ute wa yai. Ukianza na maji ya moto unapata madonge, na donge likikaukia kwenye bafta, pasi italigeuza doa la kahawia. Nguo inachovywa, inakamuliwa, inaanikwa, na inaanuliwa ikiwa bado na ubichi kidogo. Ikikuwahi ikakauka, unairashia maji kwa mkono, unaikunja kama mkeka na kuiacha nusu saa unyevu utambae.

Mkaa wa pasi nao si mkaa wa chai. Vipande viwe kama kitunguu kidogo, vimeshika moto hadi pembe zimeota jivu jeupe. Kipande ambacho hakijakolea kitafuka moshi na kurusha cheche kupitia vitundu vya ubavuni. Hujazi mpaka juu. Unaacha nafasi ya kidole chini ya kifuniko, kwa kuwa moto unataka hewa na wewe unataka kifuniko kifunge. Kisha unatoka nayo uani unaipunga, jivu lipeperukie huko huko. Ukirudi, tone la maji kwenye kitako chake: likichemka na kukauka papo hapo, pamba inapigika. Likidundadunda kama ushanga lisikauke, moto umezidi, anza na tambara. Teteroni ya shati la shule wala haifiki huko. Inanata na kukunjamana ukiitazama.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na hayo yote niliyajua. Nilijua pia kwamba unaanza na mikono, tangu sijafu, ule upindo wa mwisho wa mkono, halafu mabega, taharizi, vile vipande vya ubavuni, kisha badani, yaani kiwiliwili cha kanzu, ya nyuma, na badani ya mbele mwisho kabisa, maana unachokinyoosha mapema utakikunja mwenyewe ukigeuza. Kikwapa ni nguo juu ya nguo, kinapigwa kwa ndani. Darizi, yale mapambo ya uzi ya kifuani, inalazwa kifudifudi juu ya taulo ili nyuzi zisilale. Nilifanya vyote hivyo juu ya meza iliyotandikwa blanketi na shuka kuukuu, taa ya chemli pembeni, nikajiona fundi. Bafta yenye wanga ikipata moto hutoa mlio, kama mtu anayekanyaga mchanga mkavu, na mikunjo inakimbia mbele ya pasi. Sijapata bado kazi ya nyumbani inayokuonyesha matokeo yake upesi hivyo.

Kilichobaki kilikuwa kifua, chini kidogo ya darizi. Pasi ilikuwa imepoa, nikatoka kuongeza makaa matatu.

Ile pasi ilikuwa na jogoo wa shaba mbele, ndiye komeo la kifuniko. Pini yake ilishalika, kwa hiyo jogoo aliweza kukaa sawa kwa macho pasipo kubana chochote. Ndiyo maana Bibi alikuwa na sheria: ukishaongeza makaa, itikise pasi mara moja juu ya mchanga kabla hujaikaribia nguo. Mara moja tu. Mimi niliona sherehe ya nini.

Niliinamisha ncha ya pasi kuingia kwenye pembe ya darizi, kifuniko kikafunguka kama upana wa kidole, na kaa likatoka. Dogo, kama punje ya hindi. Halikuanguka kwa kishindo; lilishuka tu, likatulia juu ya weupe ule, jekundu kwa ndani, na nikalitazama. Najua kwamba nilipaswa kulipangusa. Nililitazama. Bafta ikageuka rangi ya maziwa yaliyoganda, kisha rangi ya chai, kisha ukingo mweusi ukaanza kutembea kuelekea nje, na harufu ikapanda, ya wanga unaoungua, tamu kabisa, kama ukoko wa ugali. Nilisikia njaa. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Ndipo nikalipiga kwa kiganja, likarukia mkekani, likatoboa na mkeka.

Tundu lilikuwa dogo kuliko dengu. Pembeni yake kulikuwa na jivu, na hapo angalau nilikumbuka: jivu hulifuti, wala huliloweshi. Unainua nguo na kuikung'uta ikiwa kavu. Jivu likishaona maji linaingia kwenye nyuzi na halitoki. Nikaikung'uta. Halafu, Mungu anisamehe, nikaendelea kupiga pasi, nikalinyoosha tundu vizuri sana pande zote, nikaitundika kanzu.

Asubuhi Babu aliivaa na koti juu. Bibi aliliona tundu kwa jicho moja tu wakati anamfungia kifungo, akanitazama, na pilau ilipokwisha kuliwa nikakabidhiwa masufuria yote matatu. Shangazi alisahau, au alidai amesahau, kuyapaka nje tope la majivu kabla ya kuyainjika. Ukilipaka, masizi ya kuni yanashika tope, nalo linaondoka na maji. Usipolipaka, masizi yanaganda na mafuta yaliyofurika, na hapo ni mchanga, makumbi ya nazi na laana za kimoyomoyo. Ndani kuna ukoko, na ukoko haukwanguliwi kwa kisu, kwani sufuria likikwaruzika wali utashika palepale kila siku. Unatia maji ya moto, unafunika, unasubiri saa nzima. Mimi sikusubiri.

Ningeweza kumwambia binti yangu kwamba chuki yangu na vyombo ilianzia hapo, kwenye adhabu. Inapendeza kusimulia. Lakini vyombo nilivichukia tangu sijajua kupiga pasi: yale maji ya vuguvugu yenye punje za wali, yale mafuta yanayopanda hadi kwenye kiwiko. Na pasi, iliyonitia aibu mbele ya watu wazima, sikuichukia hata siku moja.

Bibi alilishona lile tundu kwa uzi mweupe, mishono mitano. Kanzu nyingine Babu alimpa yeyote azipige. Hiyo aliniita mimi, mpaka nilipoondoka Pangani: "Njoo mama, nipigie ile ya tundu." Hakucheka wala hakukunja uso. Hadi leo sijui alikuwa ananiamini au ananikumbusha.

Sare zimekwisha, ziko kwenye henga. Umeme umerudi. Binti yangu anasimama mlangoni, anatazama beseni, ananitazama.

"Nimeviloweka," nikamwambia.