Nilivyolitoa tikiti kwenye mchuzi

Kipande cha tikiti maji kikishalowa mchuzi wa nyama si tunda tena, na mboga bado hakijawa. Nimekula vipande vya namna hiyo kwa karibu miaka mitatu, katika mgahawa mmoja nyuma ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ninakotengeneza simu. Jina la mgahawa siwapi, maana bado nakula pale na chakula chao kitamu. Na utamu wenyewe ndio ulioniponza. Chakula kibaya unakihama siku ya pili. Kitamu kilichopakuliwa hovyo unakirudia kila mchana huku unanung'unika.

Mliozoea sahani ya wali ya Dar mnaijua. Wali katikati, maharage huku, mchicha kule, nyama juu, halafu upawa wa mchuzi unazungushwa kama mtu anamwagilia bustani. Mwisho kabisa, kwa ukarimu, kinachomekwa kipande cha tikiti au ndizi mbivu ubavuni mwa wali wa moto. Mpaka ikufikie mezani, ndizi imeshapikwa. Ijumaa ni siku ya pilau, na hapo kachumbari inamwagwa juu kwa juu, na maji yake yote, upande mmoja wa pilau unakuwa uji wa vitunguu.

Mwanzoni nilikuwa namwambia mhudumu: "Dada, mchuzi weka pembeni." Anaitikia, "Sawa kaka," na kwa kweli anakuwa amekubali. Lakini saa saba mchana yule dada ana oda za meza sita kichwani, hana karatasi wala kalamu. Akifika kwenye dirisha la jikoni anapiga kelele: "Wali nyama mbili! Ugali samaki! Wali maharage moja!" Hilo "pembeni" langu litapita wapi humo? Na hata likipita, linamkuta mpakuaji ambaye mkono umeshazoea mwendo mmoja tangu asubuhi. Upawa unajimwaga wenyewe.

Nikajaribu ukali. Siku moja nikarudisha sahani, nikasema sili. Ilikaa jikoni dakika kumi nzima, tumbo linaunguruma, na mteja wangu ananipigia simu anataka mzigo wake. Iliporudi, mchuzi ulikuwa umekwanguliwa na kijiko, na tikiti limesuuzwa. Naam, limesuuzwa bombani, linachuruzika maji juu ya wali. Jamaa niliyekaa naye meza moja alicheka mpaka akapaliwa. Nilikula kimya, nikalipa shilingi 3,000 zangu, nikaondoka.

Kilichonisaidia ni kioo cha simu. Mama anayepakua pale simu yake ilianguka, akaniletea kibandani mwangu, na nilipomaliza nikaipeleka mwenyewe jikoni. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, hakuna wateja. Akanipa stuli nikae wakati anaijaribu, anapiga kwa binti yake, anapiga kwa dada yake wa Mbagala, anapiga kwa kila mtu. Mimi huku macho yanazunguka jikoni.

"Mama," nikamuuliza, "hivi visosi hamna?"

Akacheka. Akanionyesha kreti ya plastiki ukutani, ndani visosi vinne. Alinunua dazeni mbili. Vingine vilitoka na oda za madukani: kijana anapeleka chakula ghorofani, mfanyabiashara anakula, sahani kubwa inarudi kwa sababu kijana anaihesabu, kisosi kinabaki kuwekea sarafu na klipu. "Nenda kapite maduka ya huko juu, fundi," akaniambia, "utavikuta visosi vyangu vimekalia kaunta." Na kweli, wiki ile niliona viwili, kimoja kina sindano za cherehani.

Kwa hiyo kumbe miaka yote mitatu nilikuwa nadai kitu ambacho hakikuwepo. Kama hakuna chombo cha pili, hiyo pembeni yenyewe iko wapi?

Siku ya pili nikaenda na kibakuli changu cha plastiki, cha bluu, kina mfuniko, nimekinunua palepale Kariakoo. Nikampa mama akiweke jikoni. Tukakubaliana na neno. Hili neno ndilo lililomaliza kazi, na wengi hawalitilii maanani: mhudumu haendi kueleza mambo dirishani, anakwenda kutaja majina. Maelezo yanadondoka njiani, jina linafika. Basi, oda yangu ikaitwa "wali kavu". Dada akipiga kelele "Wali kavu moja!" mama anajua: mchuzi kwenye kibakuli cha bluu, tunda juu ya mfuniko. Ijumaa ni "pilau kavu", kachumbari inakaa kivyake. Nikaanza pia kwenda saa sita kasoro, kabla msikiti haujatoka na maofisi hayajamwagika. Mkono wa mama unakuwa bado unasikia.

Chai ilinishinda kwa muda mrefu zaidi. Pale chai ya rangi inachemshwa na sukari humohumo sufuriani, inamiminwa kwenye chupa, basi. Kumwambia mtu asikuwekee sukari wakati huo ni kama kumwagiza akuletee maji ya bahari yasiyo na chumvi. Zamani bakuli la sukari lilikuwa linakaa mezani, ila mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei ikaruka, mabakuli yakapotea, na ilipopatikana tena hayakurudi. Mwenye mgahawa aliona faida: mteja wa vijiko vinne na mteja wa kijiko kimoja sasa wanakunywa kipimo kimoja. Siwezi kumlaumu. Mimi naagiza maji ya moto, nina majani yangu ya pakiti mfukoni. Wananitoza nusu ya bei ya chai, na wahudumu wananiona mgonjwa. Kila anayeanza kazi ananipa pole.

Soda ni jambo dogo: nataka ya moto, maana ya baridi inanisumbua jino, na zamani nilikuwa naletewa ya baridi iliyokwisha funguliwa, hairudishiki. Sasa nasema, "Nifungulie hapahapa," naishika chupa kwanza. Na chenji, ile ya "subiri kidogo kaka" ambayo ukishasubiri sana unaletewa pipi, nimeachana nayo tangu walipobandika lipa namba ukutani. Nalipa kamili, mpaka mia ya mwisho.

Kuna nisichokiweza. Tishu zao bado zinakatwa vipande vinne, na kila mteja anapewa robo, kwa mtu anayekula samaki wa kukaanga kwa mkono. Nimejaribu kuomba robo mbili. Dada aliniangalia kama nimemwomba mshahara wake. Natembea na leso.

Wiki iliyopita nilichelewa, nikafika saa nane kasoro. Nikaagiza pilau kavu, nikaona dada anasita dirishani. Mama akachungulia, akaniangalia, halafu akaangalia meza ya pembeni. Nami nikageuka. Kijana mmoja nisiyemjua, amevaa fulana ya wauza mikanda, ameketi anakula pilau bila haraka, na kachumbari yake iko kwenye kibakuli changu cha bluu. Tikiti liko juu ya mfuniko, kavu kabisa.

"Fundi, na yeye kaagiza kavu," mama akasema. "Ningefanyaje?"

Nikamwambia hakuna shida, nitamsubiri amalize.