Mke wa pili na misheni: kuandika riwaya ya Kikristo ya enzi za Maji Maji

Kabla hujampa jina mwanamke wa riwaya yako, mpe dhehebu. Kusini mwa koloni la Wajerumani mnamo 1905, kanisa aliloliendea mwanamke ndilo lililoamua atapoteza nini.

Chukua mke wa pili. Kwa Waanglikana, ambao misheni yao ya Masasi ilianza 1876, mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa 1888 ulikwisha kuamua: mwenye wake wengi asibatizwe, lakini wake zake waweza kubatizwa katika hali fulani. Hapo una mwanamke anayepokea ushirika huku mumewe akibaki nje ya mlango. Kwa Wabenediktini, watawa Wakatoliki wa Peramiho waliofika 1898, mume aliruhusiwa kubatizwa akibaki na mke mmoja, na kwa kawaida wa kwanza ndiye aliyehesabiwa halali. Mke wa pili anafunga mzigo. Anakwenda kwa nani? Watoto ni wa nani? Mahari yarudi au yasirudi? Waandishi wengi huruka maswali haya wakakimbilia wimbo wa furaha wa ubatizo, na riwaya inakufa papo hapo.

Kodi nayo inambana huyohuyo. Kodi ya kibanda ilianza 1898, vijijini kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba, na kila mke ana nyumba yake. Mume aliyeishiwa fedha anaweza kumwacha mke wa pili kwa sababu ya rupia 3 huku akisema ni kwa sababu ya Injili. Usimhukumu upesi kwenye ukurasa. Mwache msomaji alione mwenyewe.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo njaa ya vitabuni huonekana ya kubuni. Vita vilianza Julai 1905, baada ya mavuno, kwa hiyo maghala yalikuwa na chakula. Majeshi ya serikali yakachoma maghala na mashamba. Mvua za mwisho wa mwaka zikakuta hakuna mbegu. Kwa hiyo usiandike njaa kali mwezi Agosti 1905. Iweke 1906 na 1907. Mwanamke wako atachimba ming'oko, viazi vya porini, na ikiisha, ndiga, kiazi kingine cha porini. Ndiga ina sumu: humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kulowekwa siku kadhaa kwa kubadilisha maji. Mama mwenye watoto wanaolia hushawishika kupunguza siku. Hiyo ni sura nzima, na haihitaji hotuba.

Makosa madogo yanayoharibu: shilingi (ilikuja na Waingereza, hapa ni rupia, na tangu 1904 rupia 1 ni heller 100), na aya za Biblia ya Union Version, iliyotoka 1952. Mwanglikana anayejua kusoma angekuwa na Biblia ya Kiswahili cha Unguja ya 1891. Mkatoliki mpe rozari na katekisimu ya kukariri.

Tarehe 27 Februari 1906, Songea, viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kupelekwa kwenye kamba. Wengi walikuwa na wake zaidi ya mmoja. Riwaya yako ianzie kesho yake asubuhi, wanawake watatu wakiwa wamekaa ua mmoja, wakiulizana ni nani kati yao atakayeitwa mjane wa marehemu huyo mwenye jina jipya la Kikristo.