Diski mpya, matundu hapana

Kushuka kutoka Kadutu, mtaa wa milimani hapa Bukavu, na abiria wanne nyuma yako si mchezo. Toyota yangu ilikuwa inatikisa usukani kila nikikanyaga freni. Fundi akapima diski za freni za mbele, yale mabamba ya chuma yanayobanwa ukikanyaga freni: zimekuwa nyembamba kupita kipimo kilichoandikwa ukingoni mwake, kwa hiyo kuzichonga tena hapana.

"Papa, chukua zile za matundu," kijana wa duka akanisihi. Za nini? Matundu huanzisha nyufa, na mimi sishindani mbio. Nikanunua diski mbili za kawaida, pesa iliyobaki ikaenda kwenye plaketi nzuri, zile pedi zinazobana diski. Plaketi za okazio, yaani zilizokwisha tumika, sigusi, hata za bure.

Tulifuta mafuta ya kiwandani kwenye diski, pini za kalipa, kile kibanio kinachoshika plaketi, tukazipaka grisi ya kustahimili joto. Freni za nyuma zingojee mwisho wa mwezi.