Siku tatu Mürren, Uswisi, na mama: nilivyopanga safari ya kijiji kisicho na magari

Mamangu amezaliwa Lamu na maisha yake yote ameishi Lamu, kwenye vichochoro ambavyo hamali, punda na mkokoteni ndio usafiri. Alipokuja kunitembelea Freiburg, Ujerumani, wiki ya kwanza tu magari yalimchosha. Kila tulipovuka barabara alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Siku moja tumekaa tunakunywa chai akaniuliza, "Mwanangu, nchi zote hizi za Ulaya, hakuna mji mmoja usio na magari?" Nikamwambia, "Upo, Mama, ila uko juu ya mlima." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi si tuende."

Nilikuwa na wiki tatu za kupanga, na nilitaka mno safari hii imfae yeye, si mimi.

Nilianza kwa kuchagua kijiji. Uswisi vipo kadhaa ambavyo magari ya wageni hayaingii. Kinachojulikana zaidi ni Zermatt, mita 1,608 juu ya usawa wa bahari: gari unaliacha kijiji cha Täsch na kumalizia kwa treni. Lakini Zermatt ni mji hasa, wenye watu wengi, na teksi ndogo za umeme zinapita huku na huko siku nzima. Mtu anayetaka kutembea katikati ya njia bila kugeuka nyuma hatapumzika pale. Wengen ilinivutia, treni ya meno, ile inayoshika reli kwa gurudumu la meno isiteleze mlimani, inakupandisha kutoka kijiji cha bondeni cha Lauterbrunnen hadi mlangoni. Mwishowe nikaichagua Mürren, ng'ambo ya bonde hilohilo, kwa sababu ni ndogo, ina wakazi mia nne na kitu tu, na milima mitatu mikubwa, Eiger, Mönch na Jungfrau, imesimama mbele yake upande wa pili wa bonde. Kwa mtu ambaye magoti hayamruhusu kupanda, niliona heri mlima umjie dirishani.

Mama ana presha, kwa hiyo hofu yake ya kwanza ilikuwa pumzi. Mürren iko mita 1,638. Nilimwambia, "Mama, Nairobi iko juu kuliko huko, na Nairobi umelala mara ngapi?" Akacheka, hofu ikamtoka. Hata hivyo nilimuuliza daktari wake kuhusu Schilthorn, kilele chenye mita 2,970 kilicho juu ya kijiji, ambako unafikishwa kwa muda mfupi sana. Daktari akashauri tusiende, nikakifuta kwenye mpango bila majuto.

Tarehe zinahitaji uangalifu. Vijiji hivi vina misimu miwili, ya theluji na ya kiangazi, na katikati yake, mwishoni mwa Aprili na Mei, na tena Novemba, hoteli nyingi hufunga na mitambo ya usafiri hufanyiwa matengenezo. Ukienda wakati huo utakuta milango imefungwa na wenyeji wako mapumzikoni. Nilichukua katikati ya Septemba: watu wamepungua, njia hazina theluji, na usiku baridi inavumilika ukiwa na soksi za sufu.

Karatasi hazikunisumbua. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, aliyopewa mama kuja Ujerumani inaingia Uswisi pia, mradi siku zake hazijaisha. Bima yake ya safari niliisoma upya nihakikishe inataja nchi zote za Schengen. Simu ndiyo iliyonikamata: Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, na laini yangu ya Ujerumani inayofanya kazi Ufaransa bila nyongeza ilinitoza mara tu tulipovuka Basel. Zima data kabla ya mpaka, na ramani ipakue ukiwa nyumbani.

Sasa nije kwenye jambo lililonila muda kuliko yote, nalo ni mwendo wa mwisho, kutoka unaposhuka hadi kitandani. Mtu wa Lamu analielewa hili bila kuelezwa. Ndege inaweza kukufikisha Manda salama, mashua ikakufikisha gatini salama, lakini kama hukupanga nani atabeba mizigo kutoka gatini hadi nyumba iliyo mtaani ndani, safari yako haijaisha. Mürren ni vivyo hivyo. Hakuna teksi ya kukuokoa.

Kijiji kina njia mbili za kufikia, nazo zinakushusha ncha mbili tofauti. Ya kwanza: Lauterbrunnen unapanda gari la kamba, yaani chumba cha vioo kinachovutwa juu kwenye kamba nene za chuma, hadi Grütschalp, kisha treni ndogo inayopita ukingoni mwa genge hadi stesheni ya Mürren, upande wa kaskazini. Ya pili: unachukua basi bondeni hadi Stechelberg, na kutoka hapo gari jingine la kamba linakupandisha moja kwa moja hadi upande wa kusini. Hili la Stechelberg ni jipya, lilifunguliwa Desemba 2024, na mwinuko wake wa zaidi ya asilimia 159 unalifanya kuwa kali kuliko yote duniani. Kati ya ncha hizo mbili ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Kwako wewe mwenye mkoba mgongoni si kitu. Kwa mama wa miaka 68 mwenye goti bovu, robo saa ya mteremko na mwinuko ni safari nyingine nzima. Kwa hiyo nilichagua njia kwanza, ndipo nikatafuta nyumba karibu na mwisho wa njia hiyo. Nilichukua ya Grütschalp, kwa sababu treni ile inaingia kijijini ikiwa tambarare na mama angeiona milima akiwa amekaa.

Nyumba ya kwanza niliyoipenda kwenye picha ilisema iko dakika tano kutoka stesheni. Nilimwandikia mwenyewe: "Dakika tano za kupanda au za tambarare? Ngazi ni ngapi kutoka njiani hadi mlangoni, na ngapi ndani?" Akanijibu kwa uaminifu: ngazi arobaini na kitu, nje, bila kizuizi cha kushikia. Nikaiacha. Ya pili ilikuwa na ngazi nne na jiko lake, na mwenye nyumba alinieleza nitapokea ufunguo wapi kama tutachelewa. Hilo la ngazi na hilo la ufunguo usione haya kuyauliza. Muulize pia mizigo itafikaje. Hoteli nyingi za kijiji hiki humtuma mtu na kigari cha umeme stesheni ukimwambia saa ya treni yako, lakini lazima umwambie.

Ratiba niliipanga kinyumenyume. Nilitazama gari la kamba la mwisho la usiku linaondoka Lauterbrunnen saa ngapi, kisha nikarudi nyuma na kuacha nafasi ya treni mbili kuchelewa. Tuliondoka Freiburg asubuhi, ingawa tungeweza kuondoka mchana.

Kuhusu nauli, usinunue pasi kwa kuvutiwa na jina. Pasi ya usafiri ya Uswisi ya siku tatu inakufikisha hadi Mürren bila nyongeza, ni kweli, lakini ile ya kawaida siku zake zinafuatana. Kwa sisi tulionuia kutulia kijijini, siku ya katikati ingepotea bure. Nilikata tiketi za mapema za treni ya Ujerumani hadi stesheni ya Interlaken Ost, maana zipo treni za ICE, zile za kasi za Ujerumani, zinazofika huko moja kwa moja, na kipande kilichobaki nikalipa kawaida.

Chakula nacho nilikipanga. Kijijini kuna duka la Coop, bei imepanda kidogo na nyama ya halali hakuna. Sheria ya forodha ya Uswisi inaruhusu kilo 1 ya nyama kwa kila mtu bila ushuru, basi nikagandisha kilo 2 za mbuzi kutoka kwa mchinjaji wangu wa Freiburg, nikazifunga kwenye mfuko wa baridi, na mama akatia mchele, binzari na makopo mawili ya tui. Kwa Waislamu wenzangu: fondue, ile jibini ya kuyeyushwa inayosifiwa, kwa kawaida hupikwa na mvinyo mweupe, na rösti za viazi mara nyingi huwekwa vipande vya nguruwe. Uliza kabla ya kuagiza. Chaja za mama zina pini tatu kama za Kenya, na za kwangu za duara nene za Kijerumani haziingii kwenye tundu za Uswisi. Nilinunua adapta mbili mapema.

Pamoja na kupanga kote huko, nilikosea mahali pamoja. Treni ya Interlaken Ost kwenda Lauterbrunnen hukatwa vipande viwili pale Zweilütschinen: nusu inakwenda Lauterbrunnen, nusu inakwenda Grindelwald. Nilikuwa nimeshughulika na mfuko wa nyama, tukaketi nusu isiyo yetu. Mwanamke mmoja aliyesikia nikimtajia mama Lauterbrunnen alituonyesha kibao kilichokuwa juu ya mlango. Tulishuka Zweilütschinen, mama anachechemea, mimi mizigo yote begani, kondakta ametushikilia mlango wa behewa la pili. Tafadhali soma kibao kwenye behewa lenyewe kabla ya kukaa, usisome cha jukwaani pekee.

Lauterbrunnen maporomoko ya Staubbach yanaanguka kama mita 300 nyuma ya nyumba za watu, na mama aliyatazama huku akisema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Ndani ya gari la kamba alifumba macho, akashika tasbihi. Dakika nne tukawa juu. Treni ndogo ilipoondoka Grütschalp aliyafumbua, na ng'ambo ya bonde, kupitia kioo, kulikuwa na barafu inang'aa.

Stesheni ya Mürren kijana mmoja alikuja na kigari chake cha umeme kuchukua mizigo ya wageni wa hoteli. Sisi hatukuwa wake, lakini alipomwona mama alisimama akaomba abebe begi letu hadi kwenye kona. Mama hakuliachia. Alitembea kando ya kigari kile, mkono mmoja juu ya begi, hatua kwa hatua, kama anavyotembea kando ya mkokoteni akitoka gatini Lamu. Kijana akapunguza mwendo ili waende sawa. Walifika pamoja. Mama akampa ahsante kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa kuinamisha kichwa.

Tulikaa siku tatu, na nakushauri usikae pungufu ya hapo, kwa sababu ukungu hauna miadi. Siku ya pili nzima hatukuona hata ukuta wa jirani. Tulipika biriani ya mbuzi, tukazungumza mambo ya marehemu baba ambayo hatukuwa tumeyazungumza miaka mingi, na nje zilisikika njuga za ng'ombe tu. Jioni ile ukungu ulipasuka. Mürren iko upande wa magharibi wa bonde, kwa hiyo jua linawahi kuiacha huku vilele vya ng'ambo vikiendelea kuwaka. Kijiji kilikuwa kivulini tayari, na Jungfrau nyekundu kama kaa la moto. Nilitazama kibla kwenye simu: kilielekea karibu kabisa na mlima ule, kulia kidogo. Mama akatandika mswala mbele ya dirisha, akasali Magharibi yake hapo. Mimi nilikaa nyuma yake na sikupiga picha.

Siku ya tatu asubuhi niliangalia kwanza kamera za mlimani, ambazo picha zake unaziona bure hata ukiwa umelala, nikahakikisha juu kumetakata, ndipo nikalipa treni ya kupanda Allmendhubel, mita 1,907. Ni dakika chache tu. Mama alikaa kwenye benchi saa nzima, baibui limefunikwa na koti langu. Watoto walikuwa wakikimbia kila upande na hakuna mzazi aliyewaita warudi. Akasema, "Hawa wamelelewa kama nilivyowalea nyinyi."

Tulirudi kwa njia tuliyojia. Lauterbrunnen tulipotoka nje ya kituo, gari la kwanza likapita, gari dogo tu, taratibu. Mama akanishika mkono na kunivuta ukutani, akanikinga kwa mwili wake, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni tulipokwenda Mombasa.