Mlima wa Upper Hill

Mara ya kwanza nilipoenda hospitali kupimwa moyo nikitembea kwenye mashine, nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya kikombe cha chai. Niliambiwa nisiguse kahawa tangu jana yake, na kwa kuwa kahawa mimi siinywi, asubuhi nikajimiminia strungi yangu kama kawaida. Nesi aliponiuliza nikajibu bila wasiwasi, "Strungi tu." Akafunga faili. Kumbe kafeini, ile ya kwenye kahawa, imo hata kwenye majani ya chai.

Wiki iliyofuata nikapanda tena matatu hadi Upper Hill, Nairobi, tumbo tupu, raba za kijana wangu zikinibana vidole. Nikatia sahihi fomu, nikavua shati. Dada mmoja akaninyoa kifua kwa wembe, viraka viraka, kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Kila kiraka akakisugua kwa kitu kinachokwaruza kama msasa, akabandika vibandiko kumi na kuvifunga waya. "Ngozi ikiwa na mafuta mchoro wa moyo unacheza, mzee."

Nilikuwa na miaka 52. Walichukua 220, wakatoa umri wangu, wakatafuta asilimia 85 ya kilichobaki: 143. Mapigo ya moyo wangu kwa dakika yalitakiwa kufika hapo. Mimi nilijiandaa kukimbia, lakini mashine ilianza kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, kilomita 2.7 kwa saa, ila mkanda wenyewe umeinuka. Kila dakika tatu wanakuongezea kasi na mlima, na mkononi presha inapimwa. Dakika sita za kwanza nilipiga soga. Ya saba nikanyamaza. Ya nane jasho likaniingia machoni, nikang'ang'ania chuma kama makanga mlangoni.

"Usining'inie, mzee, guza tu. Kifua kinauma?"

Hakikuuma. Yale maumivu yaliyonibana kila nikipanda ngazi za kazini siku hiyo yalijificha, na nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyeita fundi na redio ikaanza kuimba. Namba ikafika 143. Akasema naweza kusimama; nikakataa, nikaongeza nusu dakika. Kiburi tu.

Wakanilaza, wakanipima presha tena na tena hadi mapigo yakatulia. Daktari hakuona kwenye mchoro dalili ya moyo kukosa damu, ila akanitaka nirudi maumivu yakirejea, maana kipimo hiki hakioni kila kitu.

Usiku nikivua fulana, mke wangu akakuta kibandiko kimoja bado kimenishika ubavuni.

"Baba Njeri, kwani ulipata pancha?"