Siku Mdogo Wangu Alipopelekwa Kwenye Umeme
Muuguzi alimaliza kumpima mdogo wangu presha, akauachia mkono, na mkono ukabaki hewani. Haukushuka. Akakaa vivyo hivyo, macho kayakodoa ukutani, hasemi, hali, hata mate anameza kwa shida. Asiyejua angesema ni kiburi au mapepo. Ilikuwa katatonia, ugonjwa unaomgandisha mtu asiseme wala kusogea, ambao daktari wa akili Mjerumani, Karl Kahlbaum, aliueleza tangu mwaka 1874 na bado wengi hawajapata kuusikia.

Walianza na sindano ya lorazepamu, dawa ya kutuliza. Wapo wagonjwa wengi wanaofunguka nayo ndani ya dakika chache. Yeye alipepesa macho, akanitazama, akanishika kidole, kisha baada ya saa chache akarudi kulekule. Wakaongeza dozi, wapi. Alikuwa analishwa kwa mrija wa puani na kuchomwa sindano za kuzuia damu isigande miguuni. Daktari alichohofia zaidi ni homa, maana katatonia ikiambatana na homa kali na presha isiyotulia inaweza kuua. Hapo ndipo alipotaja tiba ya umeme: kupitisha umeme kidogo kichwani ili kuamsha degedege fupi.

Mama alisimama. "Daktari, mwanangu hachomwi umeme."

Nilimwelewa. Picha tulizonazo vichwani ni za miaka ile baada ya 1938, madaktari wa Italia Cerletti na Bini walipoianza tiba hii Roma: mgonjwa anashtuliwa bila nusukaputi, wengine wanavunjika mifupa.

"Mama, atakuwa amelala fofofo," daktari akamjibu, "na misuli tutailegeza kwa dawa. Hatahisi kitu."

Niliruhusiwa kusimama karibu na mlango. Kabla ya kumpa dawa ya kulegeza misuli, walimfunga mkanda wa presha juu ya kifundo cha mguu wa kulia na kuujaza upepo, ili dawa isifike kwenye unyayo na degedege lionekane. Wakampa oksijeni, wakamwekea kinga ya meno, wakabonyeza kitufe. Nilikuwa nimejikaza nikitarajia mwili mzima kurukaruka. Taya lilikaza, kisha vidole vya mguu ule mmoja vikaanza kuchezacheza, huku mistari ya mashine ya kupima ubongo ikipanda na kushuka kwenye karatasi. Dakika haikuisha, kila kitu kikatulia.

Akawa anapelekwa mara tatu kwa wiki. Wiki ya pili alizinduka, akapeleka mkono puani. "Dada, hiki kimrija kinaniwasha. Kitoeni." Mama alitoka nje kulia.

Kuna alichopoteza. Siku nyingi za wodini hazimo kichwani mwake, na harusi ya binamu yetu, iliyofanyika kabla hajaugua, anaiona kwenye picha tu. Linamuuma, na wanaoisifia tiba hii wasilifiche. Asichosahau ni hofu. Anasema alikuwa anatusikia wote, ila aliamini akisogea hata kidogo, sisi tutakufa. Nikikutana na familia inayosita kukubali umeme, hofu hiyo ndiyo ninayowasimulia kwanza.